Madoa ya Grini ya Kumi na Nane

"Viatu, tafadhali," alisema Katibu.

Shangazi alikuwa ameshatia mguu mmoja kwenye majani. Akaurudisha. Katika miaka thelathini na moja ya upolisi alishaingia nyumba za kila aina, kwa hodi na bila hodi, wala hajawahi kuvuliwa viatu na nyasi. Lakini mgeni ni mgeni. Akakaa kwenye ngazi za baraza, akavua, akasokota soksi ndani ya viatu, akaingia pekupeku kwenye grini ya kumi na nane.

Grini, kwa asiyejua, ni kile kiwanja kidogo cha mwisho cha kila shimo la gofu. Majani yake hukatwa mafupi hadi yanalala kama zulia, na ndani yake kuna tundu na bendera. Hii ya kumi na nane ilikuwa mbele kabisa ya baraza ya klabu, na wenyewe waliidekeza kama kitindamimba. Sasa ilikuwa imeota upele. Madoa ya manjano, yaliyokufa kabisa, yalitapakaa kila upande.

"Yalionekana Jumanne," Katibu alisema. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyebeba faili kwapani hata akiwa nje juani. "Leo Alhamisi. Jumamosi ya wiki ijayo ni Siku ya Nahodha. Wageni mia mbili, Shangazi. Mia mbili! Waje kutazama ndui?"

Ushangazi wake haukuwa wa damu. Jina hilo alipewa na majambazi, kwa sababu aliwahoji kama shangazi yao: umekula? Mama hajambo? Na kile kisu, mwanangu, umekitupa wapi? Alipostaafu, jina halikustaafu. Jana yake mchana alipigiwa simu na Nahodha wa klabu, ambaye kazi yake ya kula ni udaktari wa meno. "Kamati inataka nimfukuze msimamizi wa uwanja," Nahodha alimwambia. "Hawana ushahidi, wana hasira tu. Naomba unitafutie ukweli kabla sijasaini." Shangazi hakungoja kubembelezwa. Jino lake la mbele, lililovunjwa na kiwiko cha mwizi wa magari, alijengewa na daktari huyo, na mpaka leo akicheka mbele za watu humwombea heri.

"Mnamshuku nani?" aliuliza, ingawa alikwisha kuambiwa.

"Fundi Majani. Nani mwingine? Dawa za kuua magugu anazishika yeye. Ama alichanganya makopo, ama alifanya kusudi. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Kusudi ya nini?"

"Aliomba likizo, akaambiwa asubiri Siku ya Nahodha ipite."

"Na mtu akinyimwa likizo huua majani?"

"Mimi ni katibu, Shangazi. Naandika yanayosemwa."

Shangazi akatoa kwenye mkoba futi ya fundi cherehani na kijitabu. Akaanza kupima. Kwa mbali madoa yalionekana kama yametupwa ovyo, lakini ukiinama yalikuwa na utaratibu. Yalikaa matatu matatu. Doa la kwanza refu, sentimita ishirini na tisa, umbo la soli, na pembezoni kuna vitone vilivyokolea zaidi. La pili ni soli pia, ila nusu ya mbele tu. La tatu lilikuwa mviringo, upana wa kisahani cha chai. Alihesabu mafungu kumi na tisa. Mbele ya kila fungu, umbali wa mkono, palikuwa na kovu dogo la majani yaliyobanwa pamoja, mabichi na yenye afya.

"Hivi vitone?"

"Viatu vya gofu vina vijimeno vya plastiki chini, mtu asiteleze."

"Na mviringo?"

"Kitako cha kopo la dawa," Katibu alijibu papo hapo. "Anatembea, anaweka kopo chini, anatembea tena. Hata kamati imeona hivyo."

Ilisikika vizuri. Shangazi alikuwa na desturi ya kutoamini kitu kinachosikika vizuri saa mbili asubuhi. Akachora fungu moja kijitabuni, akaandika vipimo, akavaa viatu.

Ofisini, Katibu alimfungulia daftari la getini. Hesabu yao ilikuwa hivi. Dawa ile haiui siku ile ile. Huchukua wiki moja hadi siku kumi kabla majani hayajafa. Fundi Majani alipulizia mtaro ulio kando ya shimo la kumi na nane Jumatatu ya wiki iliyopita, saa kumi jioni. Jumatatu klabu hufungwa ili uwanja upumzike. Na siku hiyo daftari lilikuwa na mstari mmoja tu: Fundi Majani, kaingia kazini saa kumi na mbili asubuhi, katoka kazini saa kumi na mbili jioni.

"Hakuna mwingine," alisema Katibu. "Barua nimeshaichapa. Saa kumi na moja leo kamati inakaa, Nahodha anasaini. Kwa katiba yetu hakuna mwingine awezaye kusaini."

"Ana miaka mingapi hapa?"

"Ishirini na miwili."

"Na ile nyumba anayokaa nyuma ya karakana?"

Katibu akapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Nyumba ya kazi huenda na kazi. Funguo kesho adhuhuri."

Ukutani palikuwa na ubao mrefu wenye majina ya manahodha wote, kwa rangi ya dhahabu, mmoja kwa kila mwaka. Shangazi aliutazama huku akifunga mkoba. "Hivi nahodha wenu anafanya nini hasa? Nauliza kwa ujinga wangu. Mimi nilidhani anapiga mpira wa kwanza, anapigiwa makofi, basi."

"Wengi wanadhani hivyo, mpaka wachaguliwe." Kwa mara ya kwanza Katibu alitabasamu. "Watu wakigombana juu ya sheria, anaamua yeye. Mwanachama akikosa, anaadhibu yeye. Mgeni akija, anampokea. Mtu akifiwa, anakwenda. Uwanja ukiharibika, anaulizwa. Mwaka mzima, bila senti, na lawama zote zake."

"Aliowaadhibu mwaka huu?"

"Mmoja tu. Bwana Penseli."

*

Bwana Penseli alikuwa akipiga pasi. Aliishi ghorofa ya tatu, nyumba safi ya mtu mmoja, mashati sita yamening'inizwa kwenye mlango wa chumba. Alikuwa mpakaji rangi wa magari, mrefu hadi aliinama kidogo kwenye kizingiti chake mwenyewe.

"Najua kilichokuleta," alisema. "Habari zimefika. Kaa. Chai?"

"Nimeshakunywa, kaka, ahsante. Jina la Penseli ulipewa na nani?"

"Nilijipa mwenyewe, kwa mikono yangu." Akaweka pasi wima. "Kwenye gofu kila mtu anaandika mapigo yake kwenye kadi. Mimi nilipiga sita, nikaandika tano. Mara moja, mara mbili, mara ya tatu nikakamatwa. Nahodha akanisimamisha mwaka."

"Ukamchukia."

"Nilimtukana mpaka nikaishiwa matusi. Barua aliileta mwenyewe, hapo ulipokaa. Angeweza kuituma, hakuituma."

Shangazi alikuwa akitazama chini. Ndala za mwenyeji wake zilikuwa kubwa kama vibao vya kukatia mboga. "Unavaa namba ngapi, ukiniruhusu kuuliza?"

"Arobaini na saba. Marehemu mama alisema nilizaliwa nikiwa nimesimama."

Akatoa futi, na Bwana Penseli akanyoosha mguu bila kinyongo. Mguu mtupu tu ulikuwa sentimita thelathini. Soli ile ya grini ingekuwa ya mdogo wake. Shangazi akaandika, akachora mstari juu ya jina. Kisheria kazi ilikuwa imekwisha pale, ila yule bwana hakuwa amemaliza.

"Miezi miwili baada ya barua, mke wangu akaugua," alisema. "Kila Jumatano alitakiwa kliniki, na mimi kazini hakuna ruhusa. Unajua aliyekuwa akimpeleka? Yule yule. Anafunga chumba chake cha meno, anakuja na gari. Nikamuuliza, bwana wewe, si umenifukuza? Akaniambia, nimekusimamisha kucheza, sijakusimamisha kuwa mwanachama wangu."

Akachukua shati, akalikunja vibaya, akalikunjua.

"Mke wangu alipofariki alikuja kabla ya ndugu zangu. Mkono ulionichapa ndio ulionifuta machozi, Shangazi. Namshukuru mbele ya mtu yeyote. Sasa mimi niende nikamwagie sumu kwenye grini? Nitakuwa mtu wa aina gani?"

"Adhabu inaisha lini?"

"Mwezi wa tisa." Akacheka. "Nimeshanunua penseli mpya."

*

Saa tisa na nusu Shangazi alikuwa karakana. Fundi Majani alikuwa akinoa visu vya mashine ya kukatia nyasi, kisu baada ya kisu, kana kwamba kesho angekuwepo kuvitumia. Mtu mfupi, mabega mapana, ndevu zenye mvi mbili tatu.

"Umekula, baba?" alimuuliza.

"Chakula hakipiti, Shangazi."

"Basi tuongee haraka ili kipite. Viatu vyako viko wapi?"

Alionyesha gumboti mbili zilizosimama mlangoni. Soli zake zilikuwa na mabonde mapana ya mpira, hakuna kijimeno hata kimoja. "Na hizo nazivulia nje ya grini," akaongeza. "Ndani naingia peku. Mguu ndio unaniambia kama kuna maji. Muulize yeyote."

"Nimeshamuuliza Katibu. Amesema hivyo hivyo, ila hakujua kuwa amekutetea. Sasa nionyeshe dawa."

Kabati la dawa lilikuwa na kufuli, na ndani ya mlango wake kuna karatasi: tarehe, saa, dawa, kipimo, mahali, sahihi. Jumatatu ya wiki iliyopita: saa kumi jioni, dawa ya magugu, mtaro wa shimo la kumi na nane. Mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika kwa shida na ambaye hataki kukosea. Kama angechanganya makopo, angepulizia grini nzima kwa mistari, na ingekufa kwa mistari. Hili Shangazi alilijua hata bila kuwa mkulima.

"Ukishapulizia, unaonyaje watu wasiingie?"

"Zamani nilikuwa na vibao. Fuvu na mifupa miwili. Hata mtoto anaelewa." Akasugua kisu. "Mwezi wa kwanza Nahodha akasema vinatisha wageni, uwanja unafanana na makaburi. Nikavitoa. Stoo tulikuwa na vigingi vyekundu, nikaona nyekundu ni hatari, nikavipanga mtaro mzima."

"Vigingi hivyo vilikuwa vya nini?"

"Vya mchezo. Vya kuonyesha penye maji au mtaro."

"Mimi sijui mchezo wenu. Mchezaji akiona kigingi chekundu, anafanya nini?"

Fundi Majani akaacha kunoa. Kisu kikabaki mkononi. "Anaingia," alisema polepole. "Mpira ukiwa humo, ruhusa kuufuata. Ruhusa kabisa. Lo! Shangazi, nimepanda vigingi vya karibu-ndani."

"Kwa hiyo mtu wa mtaani angeogopa, na mchezaji angeingia kama anaingia sebuleni kwake. Kumbe. Twende grini."

Walikwenda. Wote wawili wakavua viatu. Shangazi akamwonyesha moja ya yale makovu madogo ya majani yaliyobanwa. "Hiki ni nini?"

"Aa, hiyo ni tiba. Mpira ukidondoka kutoka juu unachimba kijishimo. Ukikiacha, mahali pale panakufa. Kila mchezaji anatakiwa kutengeneza chake kwa kijiuma. Wangapi wanafanya? Wakimaliza hapa roho yote iko barazani kwenye vinywaji." Akasita. "Ingawa mwaka huu nina bahati. Jumanne nikifika nakuta vyote vimetengenezwa. Nikasema, ahsante Mungu, wachezaji wa Jumapili wamepata adabu."

"Nionyeshe kinavyotengenezwa."

Fundi Majani akapiga goti moja. Mguu wa kushoto ukakaa chini wote. Goti la kulia likazama kwenye majani. Mguu wa kulia, nyuma yake, ukasimama kwa ncha ya vidole.

"Hapo hapo! Usinyanyuke."

"Goti linaniuma, Shangazi."

"Liache liume kidogo, mwanangu, linakuokoa."

Akapima kutoka kisigino cha kushoto hadi goti, kutoka goti hadi vidole vya kulia. Akalinganisha na kijitabu. Soli nzima, nusu soli, mviringo. Lile kopo la kamati lilikuwa goti la mtu. Mtu huyo aliingia mtaroni dawa ikiwa mbichi, akainama humo mpaka suruali ikalowa, kisha akaja hapa na kupiga magoti mara kumi na tisa.

Fundi Majani alibaki chini akiyatazama madoa, moja hadi jingine. "Huyu hakuwa anaiua," alisema.

"Hapana. Alikuwa anaitibu. Sasa kilichobaki ni kujua daktari ni nani." Na alipolitamka neno hilo, Shangazi akavaa viatu haraka, bila soksi.

*

Mlinzi wa getini alikuwa akimenya chungwa juu ya daftari lake.

"Baba, Jumatatu mnaandika kila anayeingia?"

"Kila mtu. Hata anayeleta gesi. Hata mke wa Fundi akitoka sokoni."

"Na nani haandikwi?"

"Hakuna asiyeandikwa."

"Fikiri tena, nina haraka."

Mlinzi akafikiri, huku akitema mbegu pembeni. "Labda Nahodha. Lakini Nahodha si mtu wa kuingia. Huu ni mwaka wake, yeye ndiye mwenye nyumba. Mwenye nyumba anaandikwa akiingia chumbani kwake?"

"Jumatatu huwa anakuja?"

"Kila Jumatatu akifunga kliniki. Saa kumi na moja hivi. Anauzunguka uwanja kwa miguu, peke yake, mikono mitupu. Jumatatu hii tu hakuja, alikuwa kwenye mazishi ya mama wa mwanachama mmoja."

"Mbona hamkuiambia kamati?"

"Kamati iliuliza daftari, Shangazi. Haikuniuliza mimi."

*

Saa kumi na robo. Chumba cha Nahodha kilikuwa kidogo kuliko alivyotarajia: meza, viti viwili, dirisha la kutazama uwanja. Juu ya meza ilikuwapo ile barua, na kalamu juu ya barua. Nahodha alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mikono misafi kupita kiasi. Alisimama kumpokea.

"Shangazi! Jino linasemaje?"

"Linakusalimu. Daktari, kaa tafadhali. Una viatu vya gofu namba ngapi?"

"Arobaini na mbili. Viko hapo chini ya meza. Kwa nini?"

Akaviinua mwenyewe, akavipima. Sentimita ishirini na tisa. Vijimeno pembezoni. Alitamani futi iwe imekosea, lakini futi ile haijamkosea tangu ainunue.

"Jumatatu ya wiki iliyopita ulizunguka uwanja?"

"Kila Jumatatu. Nahodha asipoukagua uwanja wake ataujibia vipi?"

"Mtaro wa kumi na nane uliingia?"

"Niliingia. Kulikuwa na chupa na mipira miwili imetupwa. Nilipiga magoti nikaitoa." Alikuwa bado anatabasamu. "Palikuwa pamelowa kidogo, nikadhani umande wa jioni."

"Kisha ukaenda wapi?"

"Grini. Jumapili palikuwa na mashindano, walikuwa wameacha vijishimo kila mahali. Mimi kwa kazi yangu siwezi kuona tundu nikaliacha. Nilitengeneza kumi na..." Tabasamu likaanza kuondoka, si kwa mara moja. "Kumi na tisa."

"Kumi na tisa," alisema Shangazi.

Nahodha akageuka dirishani. Kutoka pale grini ilionekana yote, pamoja na Fundi Majani aliyekuwa bado amesimama pembeni, viatu mkononi.

"Vile vibao vya fuvu," alisema. "Niliviondoa mimi."

"Wewe."

"Nikamwachia vigingi ambavyo mimi mwenyewe ningevipita bila kufikiri. Na nilivipita." Akakaa. "Nimekuita unitafutie mkosaji, na umemleta mpaka mezani kwangu."

"Ripoti ni yako, daktari. Wewe ndiye uliyeniita. Mimi nikitoka hapa mdomo wangu umefungwa, na jino lako limo humo humo." Shangazi alisema hivyo kwa sababu ndio utaratibu, na kwa sababu mtu yule alimtendea wema siku ambayo hakuweza hata kutabasamu kwa mwanawe. Ilimwuma, naye hakuficha. "Nakuhurumia, kaka yangu. Nisingependa niwe mimi wa kukuletea hili."

"Kama ningenyamaza, ungenionaje?"

"Ningeendelea kukushukuru kwa jino. Basi."

Nahodha aliichukua ile barua, akaisoma kutoka juu hadi chini, kama mtu anayesoma jina la dawa kabla ya kumpa mgonjwa. "Ahsante," alisema. "Nasema kweli. Ningeisaini leo. Nilikuita nikitumaini utaniambia ni yeye, ili nisaini bila kusita. Ahsante kwa kunizuia."

Saa kumi na moja kasoro dakika tano Katibu alibisha hodi. Kamati ilikuwa imekaa. Nahodha alimwomba Shangazi aingie naye, akasimama mbele ya watu saba na kueleza kila kitu kwa sentensi fupi: vibao, vigingi, chupa, magoti. Hakusema "ilitokea." Alisema "nilifanya." Mzee mmoja wa kamati akaguna, mwingine akasema jamani, ni bahati mbaya tu, tuyamalize humu humu.

"Katibu," alisema Nahodha, "kifungu cha mwanachama anayeharibu grini kwa uzembe kinasemaje?"

"Nahodha humsimamisha kucheza miezi mitatu. Lakini Nahodha, huwezi kujisimamisha mwenyewe. Haijawahi kutokea."

"Kuna mahali kimeandikwa kwamba nahodha hayumo?"

Katibu akafunua katiba, kurasa mbili, tatu. "Hakuna."

"Basi andika."

"Na Siku ya Nahodha? Mpira wa kwanza atapiga nani?"

"Makamu. Mimi nitakaa getini nipokee wageni. Kupokea wageni hakuhitaji fimbo." Akasaini ile karatasi mpya. "Na kuanzia leo, mlinzi aniandike kama watu wengine."

Katibu alitaka kumtuma mhudumu apeleke habari kwa Fundi Majani. Nahodha alikataa, akachukua kofia yake, akatoka. Shangazi akamfuata.

Nyumba ya nyuma ya karakana ilikuwa vyumba viwili na ukumbi mdogo. Hakuna aliyekuwa amesubiri kamati. Masufuria yalikuwa nje, yamefungwa kwa kanga. Godoro limeegeshwa ukutani. Mlangoni, kabati la nguo lilikuwa limekwama, nusu ndani nusu nje. Fundi Majani alikuwa upande mmoja na mkewe upande wa pili, mwanamke mnene aliyelowa jasho, macho mekundu.

Walipomwona Nahodha, mke aliliachia kabati. "Tumeambiwa kesho adhuhuri," alisema. "Hata hiyo mmeshindwa kungoja?"

"Mama, sikuja kuwatoa." Nahodha alivua kofia. "Fundi, niliyeua grini ni mimi. Vibao vyako niliviondoa mimi, nikaingia mtaroni kwa miguu yangu, nikabeba dawa yako nikaipaka grini kwa magoti yangu. Kisha nikakaa siku tatu nikiwasikiliza watu wakikutaja wewe, na kalamu mezani. Kamati imeshasikia. Kazi ni yako, nyumba ni yako, vibao virudi leo. Nisamehe."

Fundi Majani aliegemeza kichwa kwenye ubao wa kabati, mabega yakaanza kucheza, na kwa muda Shangazi hakujua kama ni kilio au kicheko. Yalikuwa yote mawili.

"Miaka ishirini na miwili," alisema alipoweza. "Ungenitumia karatasi, Nahodha, ningepokea karatasi. Nimezoea. Lakini umekuja wewe, umesimama mlangoni kwangu, umesema mbele ya mke wangu. Ahsante. Wallahi, ahsante sana."

Mke alijifuta uso kwa pindo la kanga. Alimtazama Nahodha kutoka kichwani hadi miguuni, mzee wa watu na kofia yake mkononi, kisha akalitazama kabati.

"Shukrani baadaye," alisema. "Weka hiyo kofia chini, daktari, ushike hapa. Shangazi, wewe shika kule kwa mume wangu. Linaingia kwa ubavu."

Wakainua wote wanne, na kabati likarudi ndani.